Toka nyungu mpaka shaba



Kamati ya chama chetu iliniomba niandike kurasa chache juu ya kazi yangu: namna ninavyotafuta mchoro, ninavyoupitisha kwenye shaba, kwenye kitambaa na kwenye rangi. Nilidhani itakuwa jambo jepesi. Ninafanya kazi hii hapa Lubumbashi tangu mwaka wa 1999, na karibu kila juma mtu ananiuliza: "Mama, hii mawazo inatokaka wapi?" Kawaida ninacheka tu na kuendelea kupiga nyundo. Lakini karatasi haichekewi. Sherti nijibu kweli, na jibu la kweli linaniletea haya kidogo, maana ndani yake mna kitu nilichochukua bila kuomba.

Nyungu za Kisale

Nilizaliwa katika komini ya Katuba, lakini likizo za utoto nilizipitisha kwa Nkambo, mama ya mama yangu, karibu na ziwa Kisale. Tulipanda treni mpaka Bukama, halafu mtumbwi kwenye Lualaba, katikati ya matete. Nkambo alikuwa mfinyanzi. Watu wa vijiji vingine walikuja kwake kutafuta nyungu za maji na za kupikia.

Udongo aliuchimba kando ya maji. Aliutwanga na kuuchanganya na vigae vya nyungu zilizovunjika, navyo vimesagwa. Nilidhani anafanya hivyo ili asitupe kitu. Kumbe vigae ndivyo vinavyoipa nyungu nguvu; bila hivyo, inapasuka kwenye moto. Alikuwa akisema: "Nyungu ya leo inakulaka ya jana." Baada ya hapo aliviringisha udongo kama kamba, akaupandisha duara juu ya duara, akalainisha kwa kipande cha kibuyu, akaweka kivulini.

Sasa alingoja. Hiyo njo sehemu ambayo mimi mtoto sikuipenda. Kila mara alipopita aligusa nyungu kwa mgongo wa kidole. Ikiwa laini mno, mstari unajaa na kuziba. Ikiwa kavu mno, udongo unamenyeka. Siku moja tu, pengine nusu ya siku, nyungu inakubali. Hapo alichukua kipande cha tete kilichochongwa, akachora shingoni: mistari midogo inayokimbizana, pembe tatu, tena mistari. Hakuchora kwanza chini, hakupima. Nilimuuliza anajuaje mahali mstari utaishia. Alijibu: "Mukono inajua. Mi nafwata tu."

Na mistari hiyo, ndugu zangu, nilikuwa nimeiona mahali pengine. Tulipooga mtoni nilimwona Nkambo tumboni, pande zote za kitovu: chale, safu kwa safu, zimeinuka kama mbegu chini ya ngozi. Mabinti wengi wa Baluba wa zamani zake walichanjwa hivyo. Kwa akili yangu ya miaka saba nilifikiri Nkambo naye alifinyangwa, akachorwa angali mbichi, halafu akachomwa.

Nilipokuwa mkubwa nilisoma habari za Sanga, pale pale kando ya Kisale. Mwaka wa 1957 Jean Hiernaux, na mwaka wa 1958 Jacques Nenquin, walichimbua makaburi ya kale sana pale, mengine ya karibu miaka 1000. Wafu walizikwa na nyungu zao, na katika mengi ya makaburi hayo mlikuwa na vitu vya shaba. Nilitazama picha za nyungu hizo usiku mzima. Shaba na udongo vililala katika shimo moja muda mrefu kabla mtu hajaniambia kwamba hizi ni kazi mbili mbalimbali.

Shule ya penseli

Kwenye shule ya sanaa nilifundishwa penseli, rula na rangi ya mafuta. Sitasema vibaya juu ya hiyo. Bila rula nisingeweza kupima meza ya mteja. Lakini mawazo yaliyokaa ndani ya shule yetu yalikuwa haya: kuna msanii, ambaye anafikiri, na kuna fundi, ambaye ana mikono. Mwenye kuchora alikuwa juu, mwenye kufuma vitunga alikuwa chini.

Kilichonisaidia ni historia ya mji wetu wenyewe. Mwaka wa 1946, Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua hapa, wakati mji ulikuwa ungali unaitwa Elisabethville, atelie iliyojulikana kwa jina la Hangar. Hakutaka vijana waige picha za Ulaya. Aliwaambia watazame kilicho karibu nao, majani, samaki na ndege, kila mmoja atafute mkono wake. Bela Sara alichora kwa ncha za vidole. Pili Pili Mulongoy alijaza picha zake na ndege, samaki na nyoka kwa alama ndogo ndogo zisizohesabika. Mwenze Kibwanga alijenga miili ya watu kwa mistari mifupi iliyopangwa kama nyuzi. Inasemwa baba yake alikuwa mfumaji. Mara ya kwanza niliposikia neno hilo nilirudi kutazama picha yake, na sikuona tena rangi, niliona kitambaa. Basi, mkono wa baba uliendelea kufuma ndani ya mkono wa mtoto, hata kama mtoto alishika burashi.

Kuna habari nyingine ninayoipenda, ya Bakuba wa Kasai. Kwao wanaume wanafuma rafia na wanawake wanaitarizi, nao wengi hawachori kwanza. Mchoro unatoka kichwani na kuzaliwa sindano inapopita. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1920 wamisionari walimwonyesha mfalme wa Bakuba pikipiki. Pikipiki haikumshangaza. Kilichomshangaza ni alama ya tairi kwenye mchanga. Aliamuru alama hiyo inakiliwe, akaipa jina lake. Tunaweza kucheka, lakini tazameni vizuri: kwa Bakuba mchoro si pambo tu. Una jina, na jina linaonyesha ulitoka kwa nani. Mimi nilikuwa nikiisimulia habari hiyo kwa wateja wangu miaka mingi, nami mwenyewe sikuisikia.

Kazi yenyewe

Nieleze sasa namna nilivyofanya kazi wakati ule. Nilianza kwa daftari: ninatembea, ninaona kitu, ninachora. Mchoro unaonipendeza ninauchora upya kwa rula mpaka ulingane kushoto na kuume. Halafu ninauhamisha. Kwa kitambaa, ninaukata kwenye mpira wa tairi la zamani, ninaugandisha juu ya mbao, na huo unakuwa muhuri wa kupigia rangi. Kwa picha, ninaukuza. Kwa shaba, ninauandika mgongoni mwa bamba.

Shaba ndiyo mwalimu mkali kupita wote. Unalaza bamba juu ya lami iliyopashwa moto, unasukuma kwa vyuma vidogo vyenye ncha butu, nyundo ikipiga polepole. Baadaye unaligeuza na kusahihisha upande wa mbele. Lakini kadiri unavyolipiga, ndivyo linavyokuwa gumu. Shaba inachoka. Ukilazimisha, inapasuka, mara nyingi pale pale mchoro ulipo mzuri. Kwa hiyo sherti uache, uondoe lami, uweke bamba juu ya mbabula mpaka liwe jekundu, ulitie majini, na ugumu unatoka. Kisha unaanza tena. Bamba moja la ukubwa wa sinia linaweza kurudi motoni mara nne, mara tano. Mwisho ni ndimu na chumvi, na verni.

Nilikuwa na mikono ya kazi hiyo. Subira yake bado.

Oteli na bitambala

Mwaka wa 2010 oteli moja ya mji iliniletea komandi kubwa kupita zote nilizokuwa nimepata: mabamba sita ya shaba kwa ukuta wa sebule, na bitambala 60 vya meza. Walitaka "kitu cha asili, cha kwetu". Walinipa avansi ya dola 600. Nilikuwa na watoto watatu shuleni. Ninyi mnajua dola 600 ni nini mwezi wa tisa.

Nilifungua daftari. Tangu zamani nilikuwa nimechora humo chale za Nkambo, kwa kukumbuka tu. Nilizipiga rula, zikalingana, zikawa nzuri sana. Nilikata muhuri. Katika majuma mawili nilikuwa nimemaliza bitambala 24 na mabamba mawili. Bamba la tatu lilipasuka, sababu nilifanya haraka na sikulirudisha motoni. Nilikasirikia shaba.

Nkambo wakati ule alikuwa akiishi nasi Katuba. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, aliona mwanga tu na vivuli. Jioni moja nilimwekea bamba magotini, nikitaka anisifu. Aliliweka sawa, akapitisha vidole, kwanza pembeni, halafu katikati. Vidole vilisimama.

"Hii ni nini?"

"Ni shaba, Nkambo. Ni kazi yangu."

"Kazi yako, eyo. Lakini hii ni mimi."

Nilicheka. Nilisema ndiyo, ni heshima kwake.

"Inaenda wapi?"

"Ku oteli. Hii ni ya ukuta. Ingine niliipiga ku bitambala ya meza."

"Meza ya kulia?"

"Eyo, Nkambo."

Alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza, bila kupaza sauti:

"Sasa batu batakula bukari juu ya tumbo yangu? Na kisha bapanguse kinywa?"

Sikuwa na jibu. Alirudisha kidole kwenye mstari wa tatu.

"Na tena umeikosea. Huu mustari yangu ilipindama. Siku ile nilitikisika, kisu ikakimbia. Wewe umeinyoosha. Nani alikutuma uinyooshe?"

Nilianza kusema mambo ya shuleni, kwamba mchoro ukilingana ni mzuri zaidi. Aliniacha niseme mpaka nimalize.

"Yule mama mwenye kunichanja, kwetu balimulipa kuku mbili na munkoyo. Mi nililipa na damu. Wewe ulilipa nini?"

Usiku ule sikulala. Asubuhi nilikaa karibu naye, nikamwomba msamaha, nikamweleza habari ya avansi na ya masomo ya watoto. Hakuwa mtu wa kushika hasira. Alisema: "Ya nyungu, uzisha. Mi mwenyewe niliiuzishaka mu soko, batu banapikia mboga, haina haya. Lakini ya tumbo, iache."

Nilikwenda oteli kuomba majuma matatu tena na kubadili mchoro. Mwenye kunipokea alinitazama kama mtu asiyeelewa. "Mama, hizi ni nzuri. Nani atajua?" Na kweli, hakuna mtu angejua. Katika mji mzima tulikuwa watatu tulioweza kujua: Nkambo, mama yangu na mimi. Niliogopa kwamba ningekubali, nikaondoka mbio. Kwa ajili ya kuchelewa, walikata bitambala vyote na kudai sehemu ya avansi irudishwe. Walinibakizia mabamba tu. Mwezi ule deni la shule lililipwa na dada yangu, na ninaandika hapa kwamba nilimlipa nusu tu mpaka leo.

Bitambala 24 nilivitia rangi nyeusi, mara mbili. Hata hivyo, ukiinua kimoja kwenye jua unaona mistari ndani yake.

Kujifunza upya

Sasa nilikuwa na majuma matatu, mabamba sita, na hakuna mchoro. Nilimwambia Nkambo: nionyeshe ya nyungu. Alikuwa hajagusa udongo zaidi ya miaka kumi. Tulitafuta udongo, wa kwanza ulikuwa na mchanga mno, wa pili ulikubali. Alikaa kwenye mkeka chini ya mwembe, akafanya vipande vidogo bapa kama vigae, akavigusa kwa mgongo wa kidole, akangoja. Halafu akaomba tete. Hakuona, lakini mkono ulijua. Alipokuwa akichora alitaja: huu ni wa nyungu ya maji, huu mama yake aliupenda, huu alimwona nao mwanamke wa kijiji kingine akamwomba.

Akamwomba! Hata mchoro wa nyungu ulikuwa umeombwa.

Nilimwomba nami nijaribu. Mstari wangu wa kwanza ulijaa, udongo ulikuwa mbichi bado. Wa pili ulimenyeka. Siku ya nne nilipata mmoja unaopumua, haukuwa sawa kushoto na kuume, na nilipotaka kuusahihisha Nkambo alishika mkono wangu. Niliviacha vipande vikauke, nikavifunika na karatasi, nikasugua kwa penseli juu yake mpaka alama zikatoka jinsi zilivyo, na vipindo vyake. Karatasi hiyo nikaipeleka kwenye shaba.

Mabamba hayo sita ndiyo kazi yangu ya kwanza ambayo sioni haya kuitazama. Mwanga ukipita juu yake, mistari haisimami kama askari, inatembea. Watu wa oteli walifurahi, hawakujua tofauti imetoka wapi. Na tangu siku hizo sianzi tena kwa daftari. Ninaanza kwa udongo, hata kama kazi itakuwa ya kitambaa au ya rangi. Udongo unanipa mstari wa mkono, karatasi inauchukua, tairi inaupeleka kwenye kitambaa, shaba inauweka kwa miaka. Mtu anayeniuliza mawazo yanatoka wapi, ninamwonyesha ndoo ya udongo mlangoni.

Neno lililobaki

Nkambo alituacha mwaka wa 2014. Mwaka uliofuata, Sammy Baloji, mwana wa Lubumbashi, alionyesha kule Venice mabamba ya shaba yenye alama za chale za watu wa Kongo. Kijana mmoja wa atelie yangu aliniletea picha. "Yaya, umeona? Wewe ulikuwa nayo mbele, ukaiacha." Nilitazama kwa muda mrefu. Kazi ile inasema jambo kubwa juu ya shaba yetu na miili ya watu wetu, yote mawili yaliyochukuliwa pamoja. Mtu anasimama mbele yake na kunyamaza. Hapangusi kinywa nayo. Kwa hiyo sidhani ni kosa moja na langu. Lakini kama Nkambo angesema vilevile, siwezi kujua, na hayupo nimuulize.

Hapo ndipo jambo linaponichoma. Tunasema "mwacha mila ni mtumwa", na katika vitabu kama hiki tunaombana tusiziache mila zipotee. Basi, chale zile, mimi na mama yangu tu ndio tunaozikumbuka. Nikitii neno la Nkambo mpaka mwisho, zitazikwa nami. Nikilivunja ili zidumu, nitakuwa nimeokoa mchoro na kumpoteza mwenyewe. Mwaka wa 2016 nilifanya bamba moja, na mstari wa tatu umepindama kama alivyosema. Halikuonyeshwa mahali popote. Nimelifunga ndani ya kimoja cha vile bitambala vyeusi.

Kwa ndugu wenzangu mafundi, na vijana wanaotoka shuleni na tarakilishi zao, sina amri ya kutoa. Ninaomba tu tufanye kama wale wanawake wa Kisale: tukiona mchoro, tuulize ni wa nani, tuombe, tulipe hata kama ni kuku, na tuandike jina la aliyetupa nyuma ya kazi. Nyuma ya kila bamba langu, leo, kuna jina la Nkambo.

Binti yangu wa mwisho ana miaka 16. Mwaka huu alifungua kile kitambaa cheusi bila kuniambia, na nilimkuta akipitisha vidole juu ya shaba, macho amefumba, sijui nani alimfundisha. Aliniomba nimwonyeshe kuchora vile. Sikumjibu ndiyo wala hapana. Nilimwambia aanze kwa udongo. Nyungu nne za kwanza zilipasuka kwenye moto. Tulizitwanga na kuzichanganya ndani ya ile ya tano. Wakati ninapoandika haya iko kivulini, chini ya mwembe. Kila akipita anaigusa kwa mgongo wa kidole.